Redio ikiuzwa, kinachouzwa hasa ni nini?

Mwaka 2014 kuna redio nane Uingereza zilibadilisha mwenye mali na wasikilizaji wake wengi hata hawakushtuka. Ilikuwa hivi: kampuni inaitwa Global ilinunua kundi la GMG Radio mwaka 2012 kwa kitu kama pauni milioni 70, Tume ya Ushindani ya kule ikaangalia ikasema hapana bwana, kuna mikoa mtabaki karibu peke yenu kwenye soko la matangazo, uzeni baadhi ya vituo. Global wakabisha, wakaenda mpaka kwenye rufaa, wakashindwa, basi wakauza vituo nane kwa Communicorp, kampuni ya tajiri wa Ireland Denis O'Brien. Sasa jiulize wewe uko Glasgow unasikiliza Capital Scotland wiki ile baada ya dili kukamilika, ungesikia nini kipya? Hamna kitu. Jina lilelile, jingo zilezile, nyimbo zilezile, na vipindi vingi vinaendelea kuletwa kutoka London na yuleyule aliyeuza.

Alafu ruka mpaka 2019. Hapo Global hajauza kituo wala nini, leseni ni zake zilezile, ofisi ni zake, ila ndani ya miezi michache watangazaji wa asubuhi waliozoeleka mikoani wakapukutika. Capital na Heart zote ni brandi za Global. Capital ilikuwa na vipindi 14 vya asubuhi, kila eneo na chake, kikabaki kimoja cha nchi nzima. Heart ilikuwa na 22, kikabaki kimoja.

Yaani mwenye mali alipobadilika msikilizaji hakusikia chochote, na siku aliyosikia kila kitu kimegeuka mwenye mali alikuwa yuleyule. Watu wengi wakisikia redio fulani imenunuliwa wanadhani ndo imeshakwisha hiyo, wengine wakisikia mtangazaji wao kaondolewa wanadhani redio imeuzwa. Ni mambo mawili tofauti na ukiyachanganya huwezi kuelewa nini kimezikuta redio za biashara za mikoani, kule Uingereza na kwingine pia.

Fikiria fremu ya duka Kariakoo. Kuna mwenye fremu, kuna jina lililoandikwa kwenye kibao juu ya mlango, na kuna mzigo uliopo ndani. Vinaweza kuwa vya mtu mmoja, vinaweza kuwa vya watu watatu. Kwenye redio fremu ni leseni ya masafa, kibao ni brandi, mzigo ni vipindi. Communicorp walinunua fremu tu, kibao na mzigo wakaendelea kuvichukua kwa Global kwa mkataba wa frenchaizi, wao kazi yao kubwa ikawa kuuza matangazo ya pale mkoani. Tume ya Ushindani iliridhika kabisa na hilo manake ilichokuwa inakilinda ni mwenye biashara wa Leeds au Cardiff anayetaka kutangaza asikute muuzaji mmoja tu, habari ya nani anaongea asubuhi haikuwa kesi yake.

Niwape mfano wa masafa mamoja tu, 102.4 FM pale Norwich, mashariki mwa England. Redio ya biashara ya kwanza pale iliitwa Radio Broadland, ilianza 1984, jina limetokana na Broads, yale mabwawa na mito ya Norfolk, yaani jina ambalo mtu wa Manchester halimhusu hata kidogo. Miaka ya 90 ikamezwa na kundi la GWR. Mwaka 2005 GWR wakaungana na Capital Radio Group ikazaliwa GCap. Mwaka 2008 Global, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu nyuma na kijana Ashley Tabor, hela ya familia ipo, baba yake mtu wa farasi wa mashindano na biashara ya kubeti, ikainunua GCap nzima kwa pauni milioni 375. Hesabu hapo, mwenye mali kabadilika mara kadhaa na jina bado Broadland, mtu wa Norwich anaendelea na maisha yake.

2009 ndo kibao kikashushwa. Broadland ikawa Heart, na siyo peke yake, Fox FM ya Oxford ikawa Heart, Essex FM ikawa Heart, GWR ya Bristol, Invicta ya Kent, majina ambayo watu wamekua nayo toka utotoni, yote yakawa Heart. Mwaka uliofuata Heart 33 zikaunganishwa zikawa 15, Norwich wakawekwa pamoja na Ipswich ikaitwa Heart East Anglia. 2019 wakaunganishwa tena na Cambridge na Essex na wengine ikawa Heart East, studio ya Norwich ikafungwa, kipindi cha asubuhi kikawa cha London, kilichobaki cha "huku kwetu" ni kile cha jioni wakati watu wanatoka kazini, nacho ni cha ukanda mzima. Februari 2025 na hicho kikaondolewa, siyo kwa Norwich tu, kwa England yote kwenye Heart, Capital na Smooth, brandi nyingine ya Global. Masafa bado 102.4. Mtu mwenye redio ya zamani yenye kibonyezo kilichotegeshwa tangu enzi za Broadland hajawahi kukigusa.

Sasa kwanini mabadiliko yote haya yamepita na hakuna mtu mwingine aliyekuja kusema nipeni mimi hayo masafa nifanye redio ya Norwich? Hapa kuna kitu ambacho watu hawakizungumzii sana na mimi naona ndo kiini. Leseni za FM za kule zilitakiwa ziwe zinaisha muda alafu zinashindaniwa. Lakini serikali ilikuwa inataka redio zihamie kwenye mfumo wa dijitali wa DAB, kuwavuta wenye redio ikasema ukiwa unarusha na DAB pia leseni yako ya FM itaongezwa muda bila ushindani, na nyongeza zimeendelea kutolewa awamu baada ya awamu, sasa zinafika mpaka miaka ya 2030. Kwahiyo kiutendaji anayetaka masafa makubwa ya mkoa njia yake ni kumnunua aliyenayo. Ndo maana makampuni yalikuwa yanalipa mamilioni kwa redio ambayo mtangazaji wake wanajua kabisa wataachana naye. Walikuwa wananunua nafasi kwenye masafa, na haki ya kuuza matangazo kwa watu wanaoisikia.

Na matangazo ndo yanaeleza kwanini kibao lazima kiwe kimoja. Ajensi ya matangazo iko London, ina hela ya benki au supamaketi au kampuni ya magari, inataka kufikia akina mama wa miaka 25 mpaka 44 nchi nzima. Kupigiana simu na Broadland, na Fox, na Invicta, na wengine thelathini, kila mtu na bei yake na namna yake, ni usumbufu. Kununua kitu kimoja kinaitwa Heart ni simu moja. Tena jina moja unaweza kulipandisha kwenye mabasi na TV, ukatangaza redio yenyewe nchi nzima kwa hela ambayo Broadland isingeiona mpaka mwisho wa dunia. Ukishakuwa na jina moja, kuwalipa watangazaji 22 wa asubuhi, kila mmoja na mwenzake na prodyuza wake, inaanza kuonekana kama anasa kwa mtu anayeshika kalkuleta.

Kiufundi wanafanyaje mpaka mtu wa Norfolk asijisikie kapewa redio ya London? Hii sehemu mimi inanifurahisha, niseme ukweli. Mtangazaji yuko Leicester Square, London, makao makuu ya Global. Wimbo unaelekea mwisho, anafungua maiki, anachoongea ni kitu kinachofaa popote: mtoto kagoma kuvaa viatu vya shule, jana kwenye TV yule dada kalia, piga simu utuambie mumeo kasahau nini. Hataji mji. Hasemi leo mvua manake Exeter inanyesha na Newcastle kuna jua. Akimaliza, mtambo unatuma ishara ambayo msikilizaji haisikii na kila mkoa kompyuta yake inajichomoa kutoka London na kucheza mzigo wake: Norwich wanapata tangazo la duka la makochi la pale kwao, Leeds wanapata la karakana ya Leeds, alafu sauti ya yuleyule mtangazaji wa London inasema hii ni Heart na kutaja eneo lako, alishakaa akarekodi majina yote ya mikoa mfululizo kama mtu anayesoma orodha ya vituo vya basi. Dakika zikiisha wote wanarudi London sekunde ileile. Na lazima iwe sekunde ileile, kwahiyo mkoa ambao matangazo hayajauzika ya kutosha unajaziwa promo ya shindano mpaka muda utimie. Ukisikia redio inapiga promo ya shindano lake yenyewe mara mbili kwenye mapumziko mamoja ujue mauzo ya mkoa huo wiki hiyo siyo mazuri.

Habari za eneo hivyohivyo. Msomaji mmoja anaweza kuandaa taarifa za maeneo mawili matatu, anarekodi moja, anarekodi nyingine, zinaingia kwa wakati mmoja kila moja kwake. Siyo utapeli, ni habari za kweli za maeneo hayo, ila huyo msomaji huenda yuko mbali sana na ajali ya barabarani anayoisoma.

Hapa niweke sawa kitu kimoja manake watu wanachanganya. Hii ya Global ni netiweki, mwenye redio anajirushia vipindi vyake mwenyewe kwenye masafa yake. Sindikesheni kama ya Marekani ni nyingine: mtengenezaji wa kipindi hana redio yako, anakupa kipindi, mara nyingi bila kukulipisha, ila ndani ya kila saa kuna dakika za matangazo ambazo ni zake, ashaziuza kwa makampuni ya kitaifa, na zinazobaki unauza wewe. Rush Limbaugh alianza kusambazwa hivyo mwaka 1988 na ikawa moja ya mambo yaliyookoa redio za AM zilizokuwa zinakufa kwa kukosa vipindi vya mchana. Na kuna ile tunayoijua sisi, redio za mikoani huku kwetu kujiunga na BBC au DW kwa nusu saa au saa moja ya habari, hapo fremu ni ya mzawa, kibao ni cha mzawa, na mzigo wa kuazima kwa muda, ukiisha mtangazaji wa pale anarudi anasoma salamu za wasikilizaji. Katika hizo zote, ambayo mwenye redio wa mkoani anaweza kuamka kesho akasema leo sijiungi ni hii ya mwisho na ile ya Marekani. Kwenye netiweki hakuna wa kuamka, bosi ni mmoja.

Kisheria je, nani aliruhusu? Ofcom, yaani kama TCRA kwetu au CA kwa Wakenya, walikuwa na masharti. Redio ya FM ya mkoani ilitakiwa iwe na saa 7 za vipindi vya eneo lake kila siku ya kazi na cha asubuhi kiwe kimojawapo. Oktoba 2018 wakashusha mpaka saa 3 kwa anayetoa habari za eneo kila saa mchana kutwa, asubuhi siyo lazima tena, na "eneo" likapanuliwa, kipindi kikitengenezwa popote ndani ya ukanda mkubwa uliokubaliwa kinahesabika ni cha eneo. Global walitangaza kufuta vipindi vya asubuhi Februari 2019, hata miezi mitano haijafika. Mtu anayesema hawakuwa wameshaandaa mafaili mezani simuelewi. Alafu ikaja Sheria ya Vyombo vya Habari ya 2024 iliyoondoa hata zile saa 3, kilichobaki cha lazima ni habari na taarifa za eneo, na hizo habari zikusanywe na watu walioko huko. Ndo maana 2025 vipindi vya jioni vikafuata vya asubuhi.

Mwingine kwenye mchezo huu ni Bauer, kampuni ya familia ya Kijerumani kutoka Hamburg, wachapishaji wa majarida, waliingia redio za Uingereza kwa kununua mali za Emap. Mwanzoni mwa 2019 ndani ya wiki chache Bauer wakanunua makundi manne ya redio ndogondogo: Celador, Lincs FM Group, UKRD na vituo vya mikoani vya Wireless. Hizi zilikuwa redio za miji midogo kabisa, Minster FM ya York, Stray FM ya Harrogate, Spire FM ya Salisbury, KLFM ya King's Lynn, Yorkshire Coast Radio ya Scarborough. Redio ambazo theluji ikianguka usiku, asubuhi mtangazaji anasoma orodha ya shule zilizofungwa jina kwa jina, na mji mzima umekaa kimya unasubiri, watoto wanaomba ya kwao itajwe.

Mamlaka ya ushindani ikachunguza mwaka mzima. Ukidhani walikuwa wanahangaika na Minster FM umekosea. Shida yao kubwa ilikuwa First Radio Sales, ofisi iliyokuwa inawauzia redio ndogo huru matangazo ya kitaifa, ambayo kwa manunuzi yale ilikuwa inaangukia mikononi mwa Bauer, kwahiyo redio ndogo zilizobaki zingebaki bila mtu wa kuwasemea London. Bauer wakaahidi kuendelea kuzihudumia kwa miaka 10, dili likapitishwa 2020. Uchunguzi mzima wa ushindani na suala la vipindi limepita pembeni, manake ofisi ile haipimi vipindi, inapima bei ya matangazo, na anayepima vipindi ni Ofcom ambao walishalegeza. Kila ofisi ilifanya kazi yake vizuri tu na mji wa York ukalala na redio ukaamka bila.

Septemba 1, 2020, nyingi ya redio hizo zikawa Greatest Hits Radio. Kumbuka ni mwaka wa korona, watu wamejifungia ndani, ndo kipindi mtu anataka kusikia kliniki ya hapo kwao inafunguliwa lini.

Sasa upande wa pili, manake wapo na wana hoja. Mabosi wanasema mshindani wa kipindi cha asubuhi cha Norwich siyo redio nyingine ya Norwich, ni BBC Radio 2 na Spotify, na ukipeleka vijana wawili wenye bajeti ya mkoa kupambana na mastaa wa taifa utapigwa. Na matokeo hayawaangushi: kipindi cha asubuhi cha Heart, cha Jamie Theakston na Amanda Holden, kimekuwa kikubwa kuliko vyote vya redio za biashara kule. Greatest Hits Radio mwaka 2023 ikamchukua Ken Bruce, mzee aliyekaa Radio 2 miongo, pamoja na chemsha bongo yake ya muziki, na wasikilizaji wakamfuata kwa wingi. Hakuna redio ya Harrogate ambayo ingemlipa Ken Bruce. Hata BBC wenyewe, wanaolipwa kwa ada ya leseni ya TV, mwaka 2023 waliunganisha vipindi vya mchana vya redio zao za mikoa, na hao hawana mwenye hisa wa kumridhisha. Orodha ya shule zilizofungwa siku hizi mzazi anaipata kwa meseji kutoka shuleni kabla hajawasha redio.

Nakubali karibu yote hayo, ila hoja ya kwamba simu inatosha mimi huwa nasita. Januari 2002 huko Minot, North Dakota, Marekani, treni ilianguka usiku wa manane ikamwaga gesi ya amonia, mtu mmoja akafariki na wengi wakaumia. Mji ule ulikuwa na redio sita za biashara na zote sita zilikuwa za Clear Channel, kampuni iliyovimba kutoka vituo kama 40 mpaka zaidi ya 1,200 baada ya sheria ya 1996 kuondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Polisi walisema walipiga simu redioni hawakupata mtu, kampuni ikasema tatizo lilikuwa mfumo wa tahadhari wa polisi wenyewe, na mpaka leo kila upande una maelezo yake. Uwezekano ni kwamba yote mawili yalichangia. Lakini mji wenye redio sita na simu moja ya kupokelewa ni kitu ambacho hesabu ya wasikilizaji haiwezi kukuonyesha.

York, Harrogate na Scarborough hawakukaa kimya. Waliotoka Minster FM wakaanzisha YorkMix Radio mwaka huohuo wa 2020, waliotoka Stray wakaja na Your Harrogate, kule Scarborough ikaja This is The Coast. Wanarusha kwa intaneti na DAB, na serikali imeweka leseni za DAB ndogo za mji mmoja mmoja ambazo gharama yake mtu wa kawaida mwenye biashara anaweza kuimudu. Tatizo lao ni kwamba mnara mdogo haufiki vijiji vya mbali, na magari ya zamani hayana DAB, yana FM tu, na kwenye FM ile namba waliyoizoea wateja wao wa miaka yote inapiga Greatest Hits Radio. Kwahiyo mtangazaji yuko palepale mjini, wasikilizaji wanamjua kwa sura, mwenye duka la makochi anamjua kwa jina, na bado anatumia nusu ya muda wake hewani kuwaeleza watu namna ya kumpata.